Nilivyomfukuza Wambura kwa Ajili ya Kompyuta

Nyasho, Musoma
Alhamisi

Dada yangu Zena,

Asalaam aleikum, na shikamoo juu yake, maana ulinibeba mgongoni kabla hata hujajua kubeba ndoo. Goti lako vipi? Umeanza kuinuka bila kushika ukuta, au yule mama wa dawa ya kuchua bado anakudanganya? Nyuki wamerudi kwenye mizinga? Nilisikia mvua ya Sikonge ilichelewa, nikasema dada sasa hivi anatazama mbingu na kuisema kimoyomoyo. Huku kwetu mimi na Mama Hadija ni wazima wa mwili. Mgongo unauma kwa kukaa na macho yanauma kwa kutazama kioo, lakini hayo ni maradhi ya watu wa ofisi, usinihurumie. Kilichonichosha ni kingine.

Usishangae kuona nakuandikia kwa kalamu mimi mwenye kompyuta mpya. Siku ile ya Idi uliniambia kwenye simu, "Shabani, wewe unaongezaga chumvi mpaka vocha inakata. Ukiwa na jambo la kweli, liandike, nitalisoma polepole." Basi nina jambo la kweli, na limenilemea.

Nimemkosea Wambura. Jina lake unalijua, nimekutajia mara nyingi: fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa Butiama, ambaye fremu yake na yangu ziligawana ukuta mmoja. Jumamosi hii nasimama mbele ya watu walewale niliomshtaki kwao, niseme kwamba nilikosea. Mwenyewe atakuwepo. Amesema nikiongeza hata punje moja anageuka anaondoka, na mkono hatanipa tena mpaka mmoja wetu afukiwe. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza. Nataka nijaribu kuisimulia yote bila kuongeza. Nikiteleza najisahihisha humuhumu, sifuti, ili uone.

Unajua kwamba cherehani niliiacha macho yalipogoma kuona tundu la sindano, nikaingia kwenye kazi ya kuchapa. Mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za misiba. Niliishia darasa la tano na ninaandika kwa vidole viwili, lakini kuanzia Tarime mpaka Bariadi hakuna anayenifikia kwa kasi. Hilo sio chumvi, hilo liache lilivyo.

Kompyuta ya zamani ilipochoka, mwezi wa nne nikanunua mpya. Mpya dada, ndani ya boksi, sio zile ambazo wazungu wameshazichoka. Siku ilipofika Nyasho walikuja watu mia tatu kuitazama. Hapana. Walikuja kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanapita tu.

Sasa wewe unanijua, kitu changu kipya sikivuagi nguo. Hata ile redio ya marehemu baba ilikaa na nailoni yake miaka minane, na wewe ndiye uliyekuwa unanisifu kwa utunzaji. Basi lile kasha la kompyuta, ambalo sisi wa kazi hii tunaliita sipiyu, lilikuja limevikwa mfuko wa nailoni kuanzia juu mpaka chini. Nikauacha. Nikatoboa tundu la nyaya kwa nyuma na tundu la kidole pa kuwashia, basi. Mteja akiingia anaiona inang'aa, anajua hapa kazi inafanyika kwa kitu kipya. Mama Hadija naye akafuma kitambaa cheupe chenye maua ya bluu pembeni, tukaifunika vizuri. Ikapendeza kama bi harusi.

Wiki ya kwanza watu walikuwa bado wanakuja kuitazama zaidi ya kuleta kazi. Naiwasha, naandika mistari miwili waone, naizima. Wiki ya pili kazi ikaja kweli, nayo ikaanza vituko. Unaandika, ghafla kishale kinasimama. Unabonyeza, herufi hazitoki. Humo ndani inalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, halafu kioo kinakuwa cheusi, halafu inajiwasha yenyewe na kukutazama kama haijafanya kitu. Na ulichokuwa hujakisevu kimekwenda.

Alikuja mwalimu mmoja kutoka Bugwema na mtihani wa majaribio wa darasa la saba, maswali arobaini. Tulipofika swali la thelathini na nane ikaganda. Tukaanza upya. Ikaganda. Mara ya tatu yule mwalimu akafunga daftari lake taratibu.

"Mzee Shabani, watoto wanafanya mtihani kesho. Mimi nifanyeje?"

"Mwalimu, ngoja kidogo, hii mashine ina hasira za ugeni."

"Nitaandika ubaoni," akasema, na kweli nilisikia aliandika ubaoni, maswali yote arobaini, kwa zamu mbili. Hajarudi tena.

Dada, shida yangu ilikuwa kwamba nilishawaambia watu kompyuta naijua mpaka mifupa. Nilisema nikiwa Mwanza nilitengeneza ya benki kwa kijiko. Sijawahi. Sasa mtu aliyesema hivyo anaanzia wapi kusema sijui inaumwa nini? Ikabidi nitafute wa kumlaumu, na Wambura alikuwa jirani.

Mimi na yeye tulikuwa tunatumia mita moja ya umeme. Kila akishika chuma kuchomelea, taa yangu inasinzia. Nikaanza kuangalia. Kompyuta inaganda sana mchana, na mchana ndio yeye anachomelea sana. Kwamba mchana ndio joto la bati lilikuwa linatupika sote, hilo sikulihesabu. Nikamfuata.

"Wambura, mashine yako inaiua yangu."

Akavua ile kofia yake ya kioo cheusi. "Mnyamwezi, mashine yangu ina miaka tisa hapa. Ile kompyuta yako ya zamani mbona haikufa?"

"Ile ilikuwa imezoea shida."

"Basi na hii itazoea."

Waliokuwepo wakacheka, waendesha bodaboda na yule mama wa soda wa fremu ya pembeni. Kicheko kile kiliniingia. Huyu Wambura, dada, ndiye aliyenipokea nilipofika Musoma na cherehani moja na begi. Mlango wa fremu yangu alinichomelea yeye. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni kilometa kumi mpaka hospitali. Sio kweli, alinibeba kwenye baiskeli, na sio mbali, lakini alinibeba, na alikaa pale mpaka dripu ikaisha. Mchana tulikuwa tunakula sahani moja, ugali na sato, na mifupa ya kichwa ananiachiaga mimi kwa sababu anajua naipenda. Huyo ndiye niliyekwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Watu wakaitwa, benchi zikapangwa kwenye uwanja wa mwenyekiti. Mimi nikasimama. Kama ningesema taa inasinzia na kompyuta inaganda, ingeishia hapo, wangetuambia tutenganishe mita. Lakini niliona watu wananitazama, na unajua watu wakinitazama mimi huwa nafanyaje. Nikasema cheche zilitoka kwenye kompyuta zikaruka mpaka dari. Nikasema pazia lilishika moto nikalizima kwa mikono yangu. Nikawaonyesha na kovu, hili la pasi ya mkaa la tangu enzi za ushonaji.

Mama wa soda akashika kichwa. "Moto? Na mimi nina watoto wanalala nyuma ya ile fremu!"

Hapo baraza likageuka. Hakuna aliyezungumza tena habari za kompyuta, ikawa habari za moto. Mwenyekiti akamuuliza Wambura ana la kusema. Wambura akasimama, akanitazama, akasema, "Mtu niliyekula naye siwezi kubishana naye barazani." Akakaa. Basi ni hilo tu. Akaambiwa ndani ya wiki moja aondoe mashine yake. Hakungoja wiki. Kesho yake alipakia vyuma kwenye pikapu ya mtu, akarudi Butiama kwa mama yake. Mimi nilikuwa ndani ya fremu nimeshika faili. Hakuniaga na sikutoka.

Taa ikaacha kusinzia. Kompyuta ikaendelea kuganda.

Siku tatu sikumwambia mtu. Nikakigeuza kioo kielekee ukutani ili wateja wasione kikizimika. Siku ya nne Mama Hadija aliniletea chakula, akasimama mlangoni, akaona.

"Bado inaganda?"

"Inamalizia."

"Inamalizia nini? Wambura kaondoka. Sasa utamshtaki nani, mimi?"

Nikasema naipeleka Bunda. Kuna fundi wa kompyuta pale, binti anaitwa Rehema, mtu mtulivu, ana bisibisi ndogo kama sindano za hospitali. Kabla ya kwenda nikaivua kitambaa, nikaivua na nailoni kwa uangalifu isichanike, nikavikunja nikavifungia kabatini, maana mafundi wana mikono michafu. Rehema akaiwasha asubuhi, ikakaa mpaka jioni. Akaiwasha tena kesho yake, ikakaa. Nikampigia simu.

"Mjomba, hii haina ugonjwa," akasema. "Njoo uichukue."

Nikaifuata, nikairudisha Nyasho, nikaivalisha nailoni yake na kitambaa chake. Saa sita mchana ikaganda.

Nikairudisha Bunda, nimeivua tena vilevile. Akabadilisha vile vipande vya kumbukumbu, akafuta kila kitu na kuingiza programu upya. Kwake ikapiga kazi siku mbili. Kwangu haikumaliza mchana. Dada, nilichoka. Nilichoka mpaka nikaanza kuamini maneno ya kijinga, kwamba Wambura ameacha kitu ukutani. Nikaugongagonga ukuta wote kwa kijiko nikitafuta. Hilo usimwambie mtu.

Nilipompigia Rehema mara ya tatu akasema, "Mjomba, usiiguse. Usiivue wala usiifute vumbi. Ilete kama inavyokaa mezani kwako. Nataka kuiona ilivyo nyumbani."

Nikaipeleka imevaa. Niliiweka mezani kwake. Aliizunguka, akainua pembe ya kitambaa kwa kidole, akaishusha. Akachomeka umeme, akaiwasha na kuipa kazi nyingi kwa mpigo, akaagiza chai. Chai haijapoa, ikaganda.

Hapo akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akanipa. Akashika nailoni akaichana kuanzia juu mpaka chini.

"Weka mkono hapa," akasema. Nikaweka. Moto. "Mashine inavuta hewa hapa, inatolea huku nyuma. Wewe umeiziba pua na mdomo, ukaifunika na blanketi, ukaiweka chini ya bati la Musoma. Ikizidiwa na joto inajizima ili isiungue. Inajiokoa, mjomba. Haina hata kosa."

"Lakini nailoni ni ya kwake, ilikuja nayo."

"Ni ya safari hiyo. Ikifika inatolewa."

Akaiwasha ikiwa uchi vile. Tukakaa. Nikaiandika mimi mwenyewe kwa vidole vyangu viwili, kurasa kumi na mbili za upuuzi mtupu, nikiiomba igande. Nakwambia ukweli, nilikuwa naiomba igande. Haikuganda. Watu wa fremu za jirani walishasikia, wanakuja kuchungulia wanacheka, na mimi siku nyingine ningecheka nao na kuwaongezea. Sikuweza. Nilikuwa naiona ile pikapu inaondoka.

Nikaiacha pale kwa Rehema, nikapanda gari mpaka Nyamuswa, pale nikachukua bodaboda hadi Butiama. Nilimkuta Wambura nyumbani kwa mama yake amechuchumaa, anainyoosha plau ya mtu, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe, kwa nyundo na moto wa mkaa. Umeme kwa mama yake haujafika. Ile mashine yake ya kuchomelea ilikuwa ukumbini imefunikwa na gunia. Nikaanza kusema palepale nimesimama, mama yake akanikatiza.

"Mgeni, kaa. Ule kwanza. Maneno hayana miguu."

Akaleta ugali wa muhogo na mtama na maziwa ya mgando. Tukala wote, Wambura hatazami upande wangu. Tulipomaliza nikamwambia yote: nailoni, kitambaa, Bunda mara tatu. Na cheche ambazo hazikuwepo. Alikuwa ameshika ile plau anapima ncha yake kwa dole gumba.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini hapa tuko mimi, wewe na mama, na mama hasikii vizuri."

"Nasikia vizuri," akasema mama.

"Ulinisema mbele ya watu wa Nyasho, Mnyamwezi. Kaseme palepale. Na useme kama ilivyokuwa. Nakujua, utafika katikati utaanza kunisifu, utasema nilikuokoa na mamba, watu watapiga makofi, tutaondoka hujasema kitu. Ukiongeza punje moja mimi naondoka."

Mwenyekiti amekubali kuwaita watu Jumamosi. Nimesoma tena niliyokuandikia, naona nimejisahihisha mara mbili au tatu. Ni nyingi. Hapa naweka kalamu.

Jumapili

Dada, naendelea. Nilisema.

Walikuja watu kama ishirini. Wambura alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, hakutaka benchi. Nikaanza moja kwa moja: "Kompyuta ilikuwa haipati hewa kwa sababu niliiacha na nailoni yake ili mjue ni mpya." Mama yangu, kicheko! Vijana wa bodaboda walishikana mabega. Mmoja akapaza sauti, "Mzee Nailoni!" na jina hilo ndilo nitakalozikwa nalo hapa Nyasho. Nikaona mlango uko wazi. Kicheko kama kile, dada, ningewapa maneno mawili matatu tu, ningewabeba mpaka jioni. Nikatazama nyuma. Wambura hakuwa anacheka.

Mama wa soda akasimama. "Na zile cheche mpaka dari?"

"Hazikuwepo."

"Hata moja?"

"Hata moja. Na kovu ni la pasi."

Basi kicheko kikakatika. Wakawa wanatazama chini, maana walikumbuka kwamba walimfukuza mtu wao wote pamoja nami. Mwenyekiti akakohoa. Wambura akasema kutoka kulekule nyuma.

"Taa zilikuwa zinasinzia kweli. Hilo hakudanganya. Nilitakiwa niweke mita yangu siku nyingi, nikapuuza. Liandikwe na hilo."

Dada, angenitukana ningepumzika. Akapita katikati ya benchi, akanipa mkono, mkono mzima, sio vidole. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba fundi akitaka kurudi arudi, hakuna kikwazo. Nikajua basi, yameisha.

Akaja mpaka kwenye fremu yangu. Aliitazama kompyuta niliyoifuata Bunda, iko uchi, feni yake inavuma, akasema, "Kumbe inanguruma hivi?" Nikasema ndiyo. Akavuta kiti.

"Mnyamwezi, nichapie kibao. Herufi kubwa, nitakibandika kwenye ubao."

Nikafurahi dada. Nikaandika, FUNDI WAMBURA, MAGETI, MADIRISHA, PLAU. Nilishangaa kidogo hiyo plau, lakini nikaandika. Kisha bila kumuuliza nikaandika chini yake, NYASHO.

Akaegemea, akasoma taratibu.

"Andika Butiama," akasema.

"Si mwenyekiti amesema urudi?"

"Amesema. Lakini kule sokoni umeme upo, na nimeshapata watu. Nao hawajawahi kunifukuza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia bei. "Na mama amezeeka. Andika Butiama."

Nikafuta. Nikaandika Butiama. Mashine haikuganda hata kidogo, ilichapa karatasi safi, herufi nyeusi zimenyooka. Akaikunja mara moja, akaiweka mfukoni, akasema nikipita njia ile nisilale na njaa, mama ananiuliza. Akaondoka.

Fremu yake walishaichukua mapema watu wa kuuza magodoro. Watu wema, kimya kabisa. Zamani nilijua saa ya kula kwa jinsi chuma kilivyonyamaza upande wa pili. Siku hizi Mama Hadija anafika na chakula ananikuta bado nimeinama, ananiambia, "Wewe, huoni jua?"

Barua hii anakuletea dereva wa lori la dagaa anayepita Tabora. Nimeweka na kifurushi cha dagaa ndani ya gunia jeupe, waanike tena kidogo kabla ya kukaanga. Msalimie shemeji, mume wako, mwambie ile baiskeli asiiuze. Msalimie shangazi Nyamizi na macho yake. Msalimie mpwa wangu Mariamu, naye umwambie kwamba mjomba wake hakuwahi kutengeneza kompyuta ya benki. Najua aliwahadithia wenzake shuleni. Mama Hadija anakupa shikamoo na anauliza uzi wa kufumia wa rangi ya bluu kama bado unapatikana huko, maana anataka kufuma cha mezani, cha chini ya kompyuta, sio cha juu.

Mimi nipo, nachapa. Nimechoka lakini nachapa.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Shabani